Kuitambua Nimonia ya Mtoto kwa Macho na Saa

Nimonia ya mtoto wa chini ya miaka 5 hutambuliwa zahanatini kwa dalili mbili: kupumua haraka kupita kiwango cha umri wake, na kubonyea kwa sehemu ya chini ya kifua anapovuta hewa. Mtoto mwenye kikohozi au anayepumua kwa shida, akiwa na mojawapo ya dalili hizo, huhesabiwa kuwa na nimonia na huanza dawa siku hiyohiyo. Asiye na hata moja, ingawa anakohoa usiku kucha na kuikosesha nyumba nzima usingizi, mara nyingi ana mafua, na antibiotiki haitamsaidia.

Swali linaloulizwa na wahudumu wapya katika zahanati nyingi, iwe Mlandizi, Magindu na Kwala upande wa Kibaha, au Mzenga, Maneromango na Vikumburu upande wa Kisarawe, ni lilelile: uamuzi mzito namna hii utafanywaje bila eksirei wala maabara kubwa? Unawezekana, na msingi wake ulipatikana mazingira kama hayohayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 daktari Frank Shann na wenzake walionyesha huko Papua New Guinea kwamba kasi ya pumzi na kubonyea kwa kifua vinatosha kuchagua mtoto wa kupewa dawa na mtoto wa kulazwa. Karibu zaidi na nyumbani, katika mkoa uleule wa Pwani, mradi wa wilaya ya Bagamoyo ulioripotiwa na Mtango na Neuvians mwaka 1986 uliwafundisha wahudumu wa afya wa vijijini kutambua na kutibu nimonia, na vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 vilipungua kwa zaidi ya robo ndani ya miaka miwili. Wahudumu wale hawakuwa na eksirei.

Dalili hizo mbili zina sababu moja. Vifuko vya hewa vikijaa usaha na maji, pafu hugeuka gumu na oksijeni hupungua. Mtoto hujitetea kwa kuongeza idadi ya pumzi. Pafu likizidi kuwa gumu, huvuta kwa nguvu hadi ukuta laini wa kifua ukaingia ndani. Kwa kawaida, basi, kasi hutangulia na kubonyea hufuata.

Mtoto atulie kwanza

Makosa mengi hutokea kabla hata ya kuhesabu. Mtoto anaingia amebebwa mgongoni, anapimwa uzito akiwa uchi, anawekewa kipimajoto kwapani, anachomwa kidole kwa ajili ya malaria, kisha ndipo pumzi zihesabiwe huku analia. Namba inayopatikana hapo haina maana. Mpangilio sahihi ni kinyume chake:

- Pumzi zihesabiwe mwanzo kabisa, kabla ya mizani, kipimajoto na sindano ya kidole.
- Mtoto abaki mapajani mwa mama au bibi aliyemleta. Hakuna haja ya kumhamishia kitandani.
- Akiwa ananyonya, asubiriwe amalize. Akiwa amelala, asiamshwe kwanza. Usingizi ni nafasi nzuri ya kuhesabu, na ataamshwa baadaye ili ulegevu wake upimwe.
- Pua iliyoziba isafishwe kwa kitambaa laini.
- Nguo ipandishwe hadi kifua na tumbo vionekane. Ombi la adabu hufanya kazi: "Mama, naomba umpandishe nguo kidogo, tumwone anavyopumua." Kwa bibi, shikamoo itangulie.

Foleni ikiwa ndefu, wahudumu husema hakuna muda wa kumsubiri mtoto anyamaze. Njia ipo: anayelia atolewe nje kidogo na mama yake, mwingine aingie, kisha arudishwe. Kinachopotea ni dakika chache.

Kuhesabu pumzi

Hapa ndipo penye uzito wa kazi yote, na ndipo panaporukwa kuliko mahali pengine popote. Katika zahanati nyingi mtoto hutazamwa mara moja kwa jicho na kuandikiwa "anapumua vizuri" au "anapumua haraka". Jicho peke yake hukosea, hata jicho la mhudumu wa miaka 20 kazini. Tofauti ya mtoto anayepumua mara 46 na anayepumua mara 54 haionekani bila saa.

Hatua zenyewe:

1. Mhudumu achukue saa yenye mshale wa sekunde, au simu yenye saa ya kupimia muda, au taima ya kuhesabia pumzi.
2. Achague sehemu moja ya kutazama, kifua au tumbo, pale ambapo mwendo unaonekana vizuri zaidi, na asiibadilishe katikati.
3. Kila kupanda kwa kifua au tumbo kuhesabiwe kuwa pumzi moja.
4. Ahesabu sekunde 60 kamili.
5. Mtoto akilia au kujitupa katikati, hesabu ifutwe na kuanza upya.
6. Namba iandikwe palepale, kabla ya kuzungumza na mama.

Viwango vya kupumua haraka ni hivi:

- Chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi kwa dakika.
- Miezi 2 hadi kutimiza miezi 12: pumzi 50 au zaidi.
- Miezi 12 hadi kutimiza miaka 5: pumzi 40 au zaidi.

Umri usikisiwe. Mama anaposema "ana mwaka", huenda mtoto ana miezi 10 au 14, na jibu hubadilika kabisa. Mtoto wa miezi 11 mwenye pumzi 48 hapumui haraka, ilhali wa miezi 13 mwenye pumzi 48 ana nimonia. Tarehe ya kuzaliwa isomwe kwenye kadi ya kliniki.

Kosa linalopendwa na wengi ni kuhesabu nusu dakika na kuzidisha mara mbili. Mtoto mdogo hapumui kwa mwendo sawa: hukimbiza pumzi kidogo, akasita, akaendelea. Nusu dakika yaweza kuangukia kipindi cha mbio au kipindi cha kusita, na kosa lolote lililofanyika huzidishwa mara mbili pamoja na hesabu. Wanaotumia taima wawe waangalifu zaidi, kwa kuwa zipo zinazolia mara ya kwanza kwenye sekunde ya 30. Mlio huo si wa kumaliza.

Namba ikikaribia mpaka, kwa mfano 49 kwa mtoto wa miezi 8, ihesabiwe tena baada ya dakika chache. Mhudumu mwingine akiwapo, naye ahesabu bila kuambiwa namba ya kwanza.

Kuangalia kifua

Mtoto mzima anapovuta hewa, kifua na tumbo hupanda pamoja. Mwenye nimonia nzito anapovuta hewa, sehemu ya chini ya kifua, pale mbavu za mwisho zinapokutana na tumbo, huingia ndani huku tumbo likipanda. Huko ndiko kubonyea kwa kifua.

Mtazamaji asubiri pumzi ya kuvuta, kwa kuwa wengi hutazama wakati wa kutoa hewa wakadhani wameona. Mtoto awe tulivu, alale chali mapajani, kiuno kikiwa kimenyooka, maana aliyejikunja hubonyea tumbo bila ugonjwa wowote. Mwanga wa dirisha utoke ubavuni, usitoke nyuma ya mtazamaji moja kwa moja. Katika vyumba vyenye giza ni afadhali mama na mtoto wasogezwe barazani.

Mambo matatu huchanganywa na kubonyea kwa kifua:

- Nyama ya katikati ya mbavu kuingia ndani huku mbavu zenyewe zikibaki mahali pake.
- Ngozi ya juu ya mtulinga kuvutwa.
- Kifua kuingia mtoto anapolia au kunyonya tu, kisha kikatulia.

Yote hayo si kubonyea kunakokusudiwa hapa. Kubonyea kwa kweli huonekana wazi na kwa kila pumzi. Kukiwa na shaka, mtoto abadilishwe mkao na kutazamwa upya. Shaka ikibaki, ichukuliwe kwamba hakuna, ila mtoto asiondoke kabla ya kutazamwa kwa mara nyingine akiwa ametulia.

Jambo moja liwekewe mkazo kuliko mengine: mtoto anayechoka hupunguza kasi ya pumzi. Aliyekuwa na pumzi 70 jana, leo ana 44 na kifua kinabonyea, hajapata nafuu. Anaishiwa nguvu. Ndiyo maana kifua hutazamwa kila mara, hata pale namba inapoonekana nzuri.

Dalili za hatari

Mtoto mwenye kikohozi pamoja na mojawapo ya hizi ana nimonia kali au ugonjwa mwingine mzito, na mahali pake ni hospitali:

- Hawezi kunywa wala kunyonya.
- Anatapika kila anachopewa.
- Amepata degedege katika ugonjwa huu, au analipata sasa.
- Amelegea kupita kiasi, au amezimia.
- Anatoa sauti ya kukwaruza kooni anapovuta hewa ilhali ametulia.
- Kipima oksijeni, kikiwapo, kinasoma chini ya asilimia 90.

Kuguna kila anapotoa hewa, midomo au ulimi kuwa wa bluu, na kichwa kutikisika kwa kila pumzi ni dalili zinazosema jambo hilohilo.

Majibu ya mdomo yathibitishwe. Mama akisema mtoto hanyonyi, apewe titi hapohapo au maji kwa kijiko, naye mhudumu atazame. Akisema anatapika kila kitu, aulizwe ni mara ngapi, kisha mtoto anyweshwe na kusubiriwa. Degedege linahitaji uangalifu wa pekee Pwani, ambako familia nyingi bado hulihesabu kuwa jambo la mashetani na kumpeleka mtoto kwa mganga kwanza. Swali liulizwe bila kukemea: "Amekakamaa au kutetemeka tangu aanze kuumwa?" Anayekemewa huficha.

Homa, malaria na pumzi

Katika ukanda huu wa masika na mbu, mtoto mwenye homa hupimwa malaria karibu kila mara, nalo ni jambo jema. Tatizo huja baada ya jibu. Likiwa chanya, mhudumu huandika dawa mseto na kumaliza kazi. Likiwa hasi, huandika antibiotiki "kwa tahadhari". Njia zote mbili zina madhara.

Kipimo chanya hakiondoi nimonia. Mtoto aweza kubeba vimelea vya malaria na kuwa na nimonia kwa pamoja, na malaria kali yenyewe huongeza kasi ya pumzi kwa sababu ya upungufu wa damu na asidi mwilini. Mwenye kikohozi, kipimo chanya na pumzi zilizovuka kiwango hutibiwa magonjwa yote mawili. Viganja vikiwa vyeupe sana, apelekwe hospitali.

Kipimo hasi nacho si hati ya kuandika antibiotiki. Utafiti uliofanywa mwaka 2008 Dar es Salaam na Ifakara, ukachapishwa mwaka 2014, uliwachunguza watoto 1,005 wenye homa. Zaidi ya nusu walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, lakini kati ya hao ni kama 5 kwa kila 100 tu ambao eksirei ilithibitisha nimonia. Wengi walikuwa na virusi. Mtoto mwenye homa, kipimo hasi, pumzi za kawaida na kifua kisichobonyea anahitaji kushushwa homa, kunyonyeshwa na kurudishwa iwapo hali itabadilika.

Wapo wanaouliza kama si homa yenyewe inayoharakisha pumzi. Kwa sehemu ni kweli: kila nyuzi moja ya joto huongeza pumzi chache kwa dakika. Mtoto wa miezi 9 mwenye joto la nyuzi 39.5 na pumzi 52 aweza kupewa parasetamo na kuhesabiwa tena baada ya nusu saa hadi saa nzima. Pumzi zikibaki juu ya kiwango, atibiwe nimonia. Akiwa na pumzi 64, kusubiri huko hakuna faida.

Mlio wa filimbi kifuani

Mtoto anayetoa mlio mwembamba kama filimbi anapotoa hewa huenda ana pumu au virusi vilivyobana mirija midogo ya hewa. Naye hupumua haraka, naye kifua chake hubonyea, kwa hiyo huishia kupewa antibiotiki tena na tena. Mama anaposema "kila mwezi anapata nimonia", pumu ifikiriwe.

Kama hana dalili ya hatari, apewe salbutamoli ya kupuliza kwa chombo cha kati. Chupa safi ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitako ili kushika mdomo wa pampu, hutosha. Mipulizo 2, mmoja baada ya mwingine, mtoto akivuta pumzi 3 hadi 5 baada ya kila mpulizo. Irudiwe hadi mara 3, kwa nafasi ya dakika 15 hadi 20. Kisha pumzi zihesabiwe upya na kifua kitazamwe upya. Uamuzi wa nimonia ufuate hesabu ya baada ya dawa.

Wa chini ya miezi 2

Kanuni za wakubwa hazimfai mtoto mchanga. Kifua chake ni laini, hivyo kubonyea kidogo ni kawaida yake, na kinachohesabika ni kubonyea kwa kina na kwa wazi. Hesabu ya kwanza ikifika 60, irudiwe, kwa sababu pumzi zake hubadilika sana. Ya pili nayo ikifika 60, anapumua haraka.

Asiye na kikohozi wala homa aweza kuwa mgonjwa sana. Dalili za kumpeleka hospitali ni kutonyonya vizuri, degedege, joto la nyuzi 37.5 na kuendelea, joto la chini ya 35.5, kubonyea kwa kina kwa kifua, kuguna, na kutojitikisa mpaka aguswe. Wa siku 0 hadi 6 anayepumua haraka apelekwe hospitali hata kama hana dalili nyingine yoyote.

Watoto ambao namba huwadanganya wahudumu

Mwenye utapiamlo mkali, mkono wake ukisoma chini ya sentimita 11.5 kwenye utepe, misuli yake haina nguvu ya kupumua haraka wala ya kubonyesha kifua. Hesabu ya chini kwake haimaanishi mapafu ni salama. Mtoto mwenye VVU, au aliyezaliwa na mama mwenye VVU na hajathibitishwa kuwa hana, akibonyea kifua hapewi dawa ya nyumbani. Huanzishiwa dawa na kupelekwa hospitali, kwa kuwa yupo kwenye hatari ya nimonia ya pneumosistisi, hasa katika miezi ya 2 hadi 6 ya maisha. Mwenye selimundu, ugonjwa usio wa nadra ukanda wa Pwani, akiwa na homa na kikohozi au maumivu ya kifua, naye apelekwe hospitali mapema. Kikohozi kilichozidi siku 14 kiamshe wazo la kifua kikuu au pumu, na wakubwa wa nyumbani waulizwe kama kuna anayekohoa.

Uamuzi na dawa

Mtoto wa miezi 2 na kuendelea, asiye na dalili ya hatari, mwenye pumzi za haraka au kifua kinachobonyea, hutibiwa nyumbani kwa amoksilini ya vidonge vinavyoyeyuka vya miligramu 250, kwa siku 5:

- Miezi 2 hadi 12 (kilo 4 hadi chini ya 10): kidonge 1 asubuhi na 1 jioni.
- Miezi 12 hadi miaka 3 (kilo 10 hadi chini ya 14): vidonge 2 asubuhi na 2 jioni.
- Miaka 3 hadi 5 (kilo 14 hadi 19): vidonge 3 asubuhi na 3 jioni.

Uzito utangulie umri pale vinapotofautiana. Dozi ya kwanza inyweshwe mbele ya mhudumu, imeyeyushwa kwenye kijiko cha maji safi au maziwa ya mama.

Mengine ya kuepuka:

- Kuandika septrini kwa mazoea. Amoksilini ndiyo dawa ya kwanza.
- Kuchoma sindano kwa sababu mama anaiamini. Mtoto anayeweza kumeza na asiye na dalili ya hatari hapati faida ya ziada.
- Kusahau kuuliza kilichonunuliwa dukani. Wengi hupitia duka la dawa muhimu kabla ya zahanati, na nusu dozi ya jana huficha homa ya leo.
- Dawa za kikohozi zenye kodeini. Kwa mtoto aliyevuka mwaka, chai ya vuguvugu yenye asali na limau hutuliza koo. Anayenyonya bila kuchanganyiwa chakula, maziwa ya mama yanatosha.

Kukata kilimi ili kutibu kikohozi kutajwe waziwazi na kukatazwa. Huleta damu na maambukizi, na siku zinazopotea ndizo ambazo nimonia ingetibika.

Safari ya rufaa

Kutoka vijiji vya ndani vya Kisarawe hadi Hospitali ya Wilaya ya Kisarawe, au kutoka Magindu hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Tumbi mjini Kibaha, njia hukwama nyakati za masika, na gari si la uhakika. Hivyo matibabu huanzia zahanatini, si mapokezi ya hospitali:

1. Ampisilini na jentamisini za sindano kwa uzito wake kulingana na chati. Zisipokuwepo na mtoto anaweza kumeza, dozi ya kwanza ya amoksilini.
2. Mwenye dalili za malaria kali, atesuneti.
3. Oksijeni ikiwapo, hasa akiwa chini ya asilimia 90.
4. Titi. Akishindwa kunyonya lakini anameza, maji ya sukari: vijiko 4 vya chai vilivyosawazishwa katika mililita 200 za maji safi.
5. Kufunikwa kanga kavu, kichwa kikiwa kimeinuka kidogo.
6. Barua yenye saa, idadi ya pumzi, hali ya kifua, dawa zilizotolewa na saa zake.

Mama aulizwe nini kinamzuia kwenda: nauli, watoto waliobaki nyumbani, ruhusa ya baba. Simu moja kwa baba au kwa mwenyekiti wa kitongoji imewahi kuokoa zaidi ya maelezo marefu ya ugonjwa. Ikishindikana kabisa, mtoto asirudishwe nyumbani mikono mitupu. Dawa za sindano ziendelee zahanatini na atazamwe kila siku hadi usafiri upatikane.

Mashaka yanayorudiwa

*Stetoskopu je?* Inasaidia kwa mlio wa filimbi. Kwa nimonia, wasikilizaji wawili wa kifua kimoja mara nyingi hawakubaliani, na kifua kinachosikika safi hakifuti pumzi 58 za mtoto wa miezi 7.

*Kipima oksijeni kinatosha peke yake?* Hapana. Mtoto mwenye nimonia ya mwanzo aweza kusoma 97. Kifaa hukosea kwenye vidole vya baridi, rangi ya kucha na mtoto anayejitupa, na kwa ngozi nyeusi huelekea kusoma juu kidogo kuliko ukweli. Kwa hiyo 91 au 92 isipokewe kwa furaha. Mtoto huyo abaki chini ya macho na apimwe tena.

*Makohozi ya njano?* Hayaamui chochote. Mafua ya kawaida huyaleta.

*Mama anasema ni kichomi, achuliwe tu?* Kusugua kifua kwa mafuta hakumdhuru mtoto, ila kusichukue nafasi ya dawa. Chale kifuani ziepukwe.

*Amechanjwa, bado aweza kupata?* Ndiyo. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya Hib mwaka 2009 ndani ya chanjo ya magonjwa matano, na ya nimokoki mwanzoni mwa 2013. Zimepunguza nimonia mbaya, lakini virusi na bakteria wengine bado wapo. Asiyekamilisha akamilishe akipona.

Siku ya 3

Kila mtoto aliyeanza amoksilini arudi baada ya siku 3, na mapema zaidi akishindwa kunywa, akizidi kupumua kwa shida au akilegea. Mama aonyeshwe kwenye kifua cha mtoto wake mwenyewe ni kipi cha kutazama, kisha yeye ndiye aeleze alichokielewa. Maelezo ya kuitikia "ndiyo" hayatoshi.

Siku hiyo pumzi huhesabiwa kwa dakika nzima kama mwanzo na kulinganishwa na namba iliyoandikwa. Zikiwa zimepungua, homa imeshuka na anakula, amalize siku 5. Zikiwa zilezile, ichunguzwe kama dawa ilinywewa kweli na kwa kiasi gani. Kama ilinywewa sawasawa, apelekwe hospitali. Kukiwa na dalili ya hatari, aende siku hiyohiyo.

Wapo wasiorudi kwa kuhofia gharama. Kwa sera ya msamaha, mtoto wa chini ya miaka 5 hatozwi ada katika vituo vya serikali. Mama aambiwe hivyo waziwazi kabla hajatoka, na tarehe ya kurudi iandikwe kwenye kadi.